MKONO NA KAZI: Kitovu cha Gurudumu la Mbele

Wengi wenu mwaijua njia ile itokayo Sake ikapanda milima ya Masisi yenye ng'ombe na jibini, ikapita Masisi penyewe na Nyabiondo, kisha ikashuka kuingia msituni kwenda Kashebere na Kibua, pale Masisi na Walikale zinapokutana. Asiyeijua na aijue kwa jambo moja: ni njia ilayo magari. Kuna miaka ilifungwa na vita na miaka iliyofungwa na mvua, na mara nyingi ni pikipiki tu, au miguu ya watu wenye mizigo mgongoni, iliyoweza kupita. Basi gari likibahatika kufika, hubeba haja za watu wengi kwa pamoja, na uzito kupita ule uliokusudiwa na waliolitengeneza.

Siku moja tulipanda pikapu ya namna hiyo, ile isukumwayo na magurudumu mawili ya nyuma tu. Ilijaa magunia ya chumvi na makatoni ya sabuni, na juu ya magunia tulikaa watu tisa. Mmoja wetu alikuwa mama mja mzito, aliyekuwa akipelekwa na mumewe hospitali ya Kibua kwa sababu uchungu ulimwanza kabla ya wakati. Tulipokwisha kupita Kashebere, mzee mmoja aliyekaa upande wa kushoto alimwita shoferi: "Mwanangu, gurudumu lako lanuka." Shoferi akajibu, "Ni breki tu, baba, yatapoa." Hayakupoa. Baada ya mwendo mfupi tuliona moshi, tukasikia mlio kama wa jiwe la kusagia, na gari likavuta upande wa kushoto likasimama lenyewe.

Konvoyeri alitaka kumwaga maji juu ya chuma kile. Shoferi akamzuia, na alifanya vema. Lilipopoa, waliondoa gurudumu, na hapo tuliona mambo yote kama yaliyoandikwa ukutani. Kifuniko kidogo cha kitovu hakikuwapo. Mahali pa pini ya kufungia nati palikuwa na msumari wa mbao uliopindwa. Grisi ilikuwa imekauka ikawa nyeusi kama masizi, na ndani yake kulikuwa na mchanga. Shoferi alikiri kwamba asubuhi ile gurudumu lilikuwa likicheza, naye akaikaza nati kwa nyundo na patasi mpaka lisicheze tena. Beringi ya nje ilikuwa imevunjika vipande, na pete ya beringi ya ndani imeshikamana na mhimili kana kwamba imechomelewa. Gari halikuondoka pale kwa siku sita.

Mama yule alitiwa katika machela, ambayo wengi wetu twaiita tipoi, na wanaume wakapokezana kumbeba hadi Kibua katika tope na giza. Alifika, na mtoto alizaliwa mzima. Lakini sisi tuliotembea nyuma ya machela ile tuliwaza njia nzima juu ya kopo moja la grisi na pini moja ya bei ya ndizi mbili. Ndiyo maana juma hili twaacha habari za shamba na twashika spana.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Katika gari lenye kusukumwa na magurudumu yote manne, ekseli yenye kuzunguka hupita katikati ya kitovu cha mbele, na kazi yake ni ngumu zaidi. Katika pikapu tunayoisema, gurudumu la mbele halisukumi kitu. Lazunguka tu juu ya mhimili mfupi wa chuma usiozunguka, nalo hubeba uzito, hugeuka kwenye kona, na hufunga breki. Kati ya mhimili na kitovu zimo beringi mbili, ambazo mafundi wetu huziita rulmani: kubwa upande wa ndani, ndogo upande wa nje. Kila moja ina pete ya ndani, vigogo vidogo vya chuma vilivyopangwa katika kizimba chao, na kikombe cha chuma kilichoshindiliwa ndani ya kitovu. Nyuma ya beringi ya ndani iko sili, mviringo wa mpira uzuiao grisi isitoke na maji yasiingie. Mbele ya beringi ya nje kuna washa, nati, pini, na mwisho kifuniko.

Vijana wa shule na waitazame beringi hiyo kwa makini. Vigogo vyake si sawa kama penseli. Upande mmoja ni vinene na upande wa pili ni vyembamba, navyo vimelala kwa mshazari. Kwa sababu hiyo hubeba uzito utokao juu, na pia msukumo utokao ubavuni gari likatapo kona. Beringi za mbili hizo zimeelekezana, kila moja ikizuia upande wake. Aliyezitengeneza kwa namna ya kufaa magari alikuwa mtengenezaji wa magari ya farasi, Henry Timken, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani. Alipata haki ya uvumbuzi wake mwaka 1898. Yeye alitaka gari la farasi likate kona na mzigo wake bila kumtesa mnyama. Shida yake na shida ya pikapu ya Kibua ni moja.

Mwenye chukudu pia ajua jambo hili kwa sehemu. Vijana wale wanaoteremka na viazi na makaa juu ya chukudu za mti hutia beringi katikati ya gurudumu la mbao, nao huzitunza, maana wakizembea watasukuma kwa mabega yao wenyewe. Mwenye pikapu hasukumi kwa bega lake, ndiyo maana husahau.

Basi, mtu atajuaje kwamba kitovu chahitaji kazi? Vitabu vya magari ya namna hii mara nyingi hutaja kilomita 40,000 hivi kati ya kutia grisi mara moja na mara ya pili. Sisi twasema hesabu hiyo ni ya barabara ya lami. Katika njia ya vijito na tope, kuhesabu kilomita tu hakutoshi. Afadhali kuangalia maji. Sababu yake ni hii: gari lishukapo mlima mrefu breki zapata moto, na kitovu chapata moto pamoja nazo, na hewa iliyo ndani yake yatanuka. Kisha gari laingia kijitoni. Kitovu chapoa ghafula, hewa yasinyaa, na kama sili imechoka, maji na mchanga hunyonywa ndani. Kwa hiyo shoferi mwenye akili hupumzika kidogo kabla ya kuvuka, hata kama abiria wanung'unika. Na gari lililozama maji hadi katikati ya magurudumu lifunguliwe vitovu mapema, pasipo kungoja kelele.

Kupima ni rahisi. Inua gurudumu, lishike kwa mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Ikiwa sasa halichezi, kosa li katika beringi. Likizidi kucheza, angalia viungo vya usukani na vya springi. Kisha lizungushe kwa mkono na usikilize. Beringi nzima hukaa kimya. Beringi mbovu hunguruma, na ukigusa springi kwa mkono wa pili utauhisi mtetemo wake.

Sasa kazi yenyewe. Yatosha nusu siku kwa fundi na msaidizi mmoja, nao watandike turubai safi, kwa maana mchanga ndio adui wa kwanza. Zuieni magurudumu ya nyuma kwa mawe, mbele na nyuma. Legezeni nati za gurudumu kidogo lingali chini, kisha inueni kwa jeki iliyowekwa juu ya ubao, kwa kuwa ardhi yetu hunywa jeki kama uji. Na hapa twasema kwa ukali: mtu yeyote asiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gogo nene na lililokaa imara liwekwe chini ya chesisi kwanza.

Gurudumu likiisha kutoka, fungua bolti za kalipa ya breki, uitundike kwa waya. Usiiache ining'inie kwa bomba lake la mpira, maana bomba hilo likichanika ndani hutaliona, na utalijua siku breki zikikataa. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Kisha ondoa kifuniko kwa kukigonga taratibu kuzunguka, nyosha pini uivute, fungua nati, uvute kitovu kidogo kuelekea kwako. Washa na beringi ya nje zitakuja mkononi. Zipokee, zisianguke mchangani. Sasa kitovu chote chatoka pamoja na diski yake. Kigeuze, ng'oa sili, utoe beringi ya ndani. Za kushoto ziwekwe peke yake na za kulia peke yake, kwa maana kila beringi imezoeana na kikombe chake.

Osheni kila kitu kwa mafuta ya taa, mpaka grisi ya zamani iishe yote. Twaongeza onyo kwa ndugu zetu wasomao gazeti hili Tanzania na Kenya: kwetu Kongo mafuta ya taa huitwa petroli, na mafuta ya kuendeshea gari huitwa esansi. Kuosha kwa esansi karibu na jiko au sigara ni kujichoma moto. Baada ya kuosha, kausheni kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Wengine hupenda kuipuliza beringi kwa hewa ya pampu mpaka izunguke ikilia kama nyuki, na watoto hufurahi. Ni mchezo mbaya: haina mafuta, yajikwaruza, na kizimba kikikatika vigogo huruka usoni.

Kisha peleka beringi kwenye mwanga na uangalie kila kigogo. Ukiona vishimo, mikwaruzo, au rangi ya buluu iletwayo na moto, beringi hiyo imekwisha, hata kama yazunguka vizuri mkononi. Angalia kikombe vilevile kwa kukipitisha ukucha. Na beringi mpya haitiwi katika kikombe cha zamani. Huja na kikombe chake, navyo hubadilishwa pamoja. Kikombe cha zamani hutolewa kwa kupigwa kutoka upande wa pili, huku na huku, kwa fimbo ya shaba. Kipya huingizwa taratibu hivyohivyo, na fundi hujua kimefika mwisho sauti ya nyundo ibadilikapo ikawa nzito.

Juu ya kununua, tuna neno. Beringi za bandia ni nyingi sokoni, zenye boksi zuri na chuma kibaya. Beringi njema ina namba iliyochorwa katika pete yake, na namba hiyo yapasa kulingana na ile ya zamani. Sisi, tukilazimishwa kuchagua kati ya beringi mpya isiyo na namba na ya zamani iliyooshwa ikaonekana haina doa, twachukua ya zamani. Mafundi wengine watatubishia, na wabishe. Jambo tusilolielewa ni mwenye gari anayelipa fedha nyingi ili bampa iandikwe maneno mazuri kwa rangi tatu, kisha alia akiombwa fedha ya sili.

Sasa grisi. Inunuliwe grisi ya beringi za magurudumu, iliyofanywa kuvumilia joto la breki za diski, ile ya unene wa namba 2. Usichanganye aina mbili, maana grisi nyingine zikikutana huyeyushana na kuwa maji. Na kwa kuwa twaandika kwa watu wa Kibua na Walikale, nchi ya michikichi, hatuna budi kuyataja mawese. Tumeona kwa macho yetu kitovu kilichojazwa mawese yaliyoganda. Hatumcheki aliyefanya hivyo. Grisi ilikuwa mbali na mawese yalikuwa karibu. Lakini mawese huganda asubuhi na kuyeyuka kitovu kikipata moto. Yakiyeyuka hupita kwenye sili, hufika kwenye diski na pedi, na breki hazishiki tena. Nayo yakikaa ndani huchacha na kula chuma. Afadhali gari lingoje siku mbili.

Kutia grisi si kupaka. Weka donge katika kiganja cha mkono wa kushoto, ushike beringi kwa mkono wa kulia, na upande wake mpana uukandamize juu ya ukingo wa donge hilo, tena na tena, mpaka grisi itokeze upande wa pili kati ya vigogo. Zungusha kidogo, uendelee hadi umeimaliza. Beringi iliyopakwa nje tu ni kavu ndani, na itaungua huku yang'aa. Katika vikombe paka kiasi, na ndani ya kitovu weka tabaka. Usikijaze chote, kwa sababu grisi iliyozidi yakorogwa, yapata moto, na kutafuta njia ya kutokea. Ingiza beringi ya ndani, kisha sili mpya, mdomo wake ukielekea ndani kwenye grisi, uipige kwa ubao ili iingie sawasawa. Mdomo huo upakwe grisi kidogo. Sili ya zamani isirudishwe. Imekwisha kupindwa wakati wa kung'olewa.

Rudisha kitovu juu ya mhimili bila kuisugua sili, weka beringi ya nje, washa, na nati. Hapa ndipo shoferi wetu alipokosa. Watu wengi hudhani kukaza sana ni usalama. Beringi ya namna hii ikikazwa kupita kiasi, vigogo hubanwa, grisi husukumwa nje, joto hupanda, na chuma hutanuka na kubana zaidi. Ikilegea kupita kiasi, gurudumu huyumba, sili hupanuka, vikombe hugongwa. Kila gari lina kipimo chake katika kitabu chake, nacho kifuatwe. Kitabu kisipokuwapo, mafundi wengi hufanya hivi: huikaza nati kwa spana huku wakikizungusha kitovu kwa mkono, ili beringi zikae mahali pake. Kisha huilegeza nati kabisa. Halafu huikaza tena kwa vidole tu, au kwa soketi isiyo na mpini, mpaka iguse. Tundu la pini lisipolingana na nati, nati hulegezwa kidogo hadi lilingane, haikazwi. Gurudumu lizunguke kwa wepesi, na mkono usisikie mchezo, au usikie mdogo mno.

Pini iwe mpya na ya unene ulio sawa na tundu, miguu yake miwili ikunjwe vema. Msumari si pini. Chuma chake hakikufanywa kwa kazi ile. Hucheza katika tundu, huliwa kidogo kidogo, hukatika, na tangu hapo nati iko huru kujifungua. Kifuniko nacho kirudishwe. Kikiwa kimepotea, fundi wa bati aweza kutengeneza kingine kwa saa moja. Na hata kopo lililokatwa na kufungwa imara lashinda tundu lililo wazi kwa mvua ya Walikale. Rudisha kalipa, kaza bolti zake, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea. Nati za gurudumu zikazwe kwa kuvukana, si kwa kufuatana.

Magari ya siku hizi mengine hayana kazi hii. Kitovu chake ni kipande kimoja kilichofungwa kiwandani na beringi ndani, hakitiwi grisi, na kikichakaa hubadilishwa chote. Mwenye gari la namna hiyo apime kucheza na kelele tu, na asimruhusu mtu kukipasua. Lakini pikapu nyingi za zamani zingali zikipanda milima ya Masisi, nazo ni za namna tuliyoieleza.

Kazi ikiisha, endesha kilomita kumi hivi katika njia ya tambarare bila kufunga breki sana, usimame, uguse vitovu vyote viwili kwa nyuma ya mkono. Vyote vikiwa na uvuguvugu, endelea na safari. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, inua tena, fungua pini, uitazame nati. Utokapo Masisi, mahali pazuri pa kufanya hivyo ni Nyabiondo, kabla ya kuingia msituni, maana hapo bado kuna watu wa kukusaidia kusukuma.